Mikono ya nyanya kwanza: jibu kwa msanii wa Majengo

Swali limetoka kwa msanii kijana wa Majengo, hapa Mombasa. Anaandika:

"Mwalimu, salaam aleikum. Mimi nachora na kufinyanga, ila kuchukua umbo la mtu aliye hai sijawahi. Nyanya yangu ana miaka sabini na kitu, na amenikubalia nichukue uso wake na mikono yake. Ana pumu, na anaogopa kuzibwa pua. Fundi wa dari za jipsamu ameniambia ninunue mfuko wa plasta, nimpake nyanya mafuta usoni kisha nimwagie, itashika kwa dakika kumi. Majirani nao wanasema sanamu ya mtu ni haramu. Nianze na nini, na nifanye lini?"

Waaleikum salaam, binti yangu. Umeuliza mengi ndani ya barua moja, na lililo kubwa kuliko yote umelitaja kwa maneno machache tu: nyanya anaogopa kuzibwa pua. Hapo ndipo pa kuanzia. Umbo la mtu aliye hai linachukuliwa na watu wawili, na yule anayekaa kimya ndiye mwenye kazi ngumu. Ukimfuata yeye katika kila uamuzi, kuanzia maji utakayokorogea mpaka saa utakayomkalisha, kazi itatoka nzuri. Ukitanguliza vifaa, utapata plasta yenye sura ya mtu aliyeogopa.

Kwa hiyo jibu langu la haraka ni hili. Ule mfuko wa fundi usiguse ngozi ya nyanya. Anza na mikono. Na usoni kwake, kwa ajili ya hiyo pumu, usifunike mdomo wala pua hata dakika moja.

Fundi hakukudanganya kuhusu dakika kumi, ila yeye amezoea dari. Plasta ni jiwe la jipsamu lililochomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi mpaka likapoteza robo tatu ya maji yaliyokuwa ndani yake. Ukilirudishia maji linageuka jiwe tena, na lile joto lililolimeza tanurini linalitoa. Darini hutahisi kitu, kwa sababu tabaka ni jembamba na hewa inapita. Ukiirundika nene, joto linaweza kupita nyuzi 60, na wakati huo imeshakuwa ngumu, kilichomo ndani hakitoki. Mwaka 2007 huko Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono yake kwenye ndoo ya plasta shuleni, katika somo la sanaa. Alikuwa akitaka umbo la mikono yake mwenyewe, kama unavyotaka wewe la nyanya. Aliungua hata akapoteza vidole karibu vyote, na shule ikatozwa faini. Mafuta hayazuii joto hilo. Tena plasta ikishika hutanuka kidogo, ikakamata nyusi na malaika ya mikononi, yaani vile vinyweleo laini, na kuibandua ni kumng'oa mtu nywele.

Kinachogusa ngozi kiwe aljineti. Ni ule unga ambao daktari wa meno huukoroga na kukutia mdomoni ndani ya kijisinia anapotaka umbo la meno yako. Haupati moto, hauvuti nywele ukipaka mafuta kidogo, na ukishika unakuwa mpira laini unaonakili hata mistari ya kiganja. Mkono ukitoka unaacha tundu lenye umbo lake; hiyo ndiyo kalibu, na plasta utaimimina humo. Ulizia kwenye maduka yanayouzia kliniki za meno. Paketi huwa za gramu 450 hivi. Kwa mkono mmoja ndani ya chombo chembamba, paketi moja inakaribia kutosha, kwa hiyo nunua mbili. Silikoni maalumu ya ngozi ipo pia, inadumu na kutoa nakala nyingi, lakini bei yake ni ya juu na ina ukorofi wake: ukiigusa na glavu za lateksi inakataa kushika. Kwa kazi ya kwanza iache.

Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia, ule wa bahari za baridi. Vijana wengi wakisikia hivyo huniuliza kwa nini wasitumie mwani unaolimwa na kina mama wa Kibuyuni kule Kwale. Ule ni mwani mwekundu. Unatoa karajinani, inayotumika kwenye vyakula na dawa za meno, na kalibu ya namna hii hautakupa.

Sasa nisikilize vizuri kwenye jambo la maji, kwa sababu maelekezo ya paketi hayakuandikwa Mombasa. Ndani ya unga mna chumvi ya kalsiamu inayoifunga aljineti, na chumvi nyingine inayoichelewesha dakika chache ili upate nafasi ya kufanya kazi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake yamejaa kalsiamu na chumvi. Ukikorogea maji ya kisima unaongeza kalsiamu usiyoipima, na dakika zako zinakatika. Tumia maji ya chupa au ya mvua. La pili ni joto. Maelekezo mengi yamepimwa kwa maji ya nyuzi 20 hadi 23, na maji yaliyoshinda kwenye tangi juu ya paa la Majengo mwezi wa Februari hayako karibu na hapo. Aljineti ya meno, ambayo hata huko ilikopimwa hushika kwa dakika mbili au tatu tu, hapa inaweza kukukazia ndani ya ndoo mkono ukiwa bado njiani. Yaweke maji kwenye friji au uyatie barafu, kisha uitoe barafu kabla ya kuyapima. Ila usizidishe. Mzee ukimtumbukiza mikono kwenye ubaridi mkali atakaza vidole, na kama ana baridi yabisi itamwamkia. Nyuzi 18 zinatosha kukupa dakika za ziada bila kumtesa. Jaribu kwanza kwenye kikombe, kwa kipimo kidogo, siku hiyohiyo na kwa maji hayohayo, ukiitazama saa. Kisha jaribu kwenye mkono wako wewe. Nyanya awe mtu wa pili kuingia kwenye ndoo, asiwe wa kwanza.

Unga huo una vumbi laini, lenye silika (madini ya mchanga) ndani yake, na mwenye pumu hatakiwi kulivuta. Ukorogee nje barazani, wewe na msaidizi mkiwa na barakoa, naye akae ndani mpaka unga umeingia maji wote. Inhela yake iwe mezani mahali anapoiona. Na kabla ya yote hayo aongee na daktari anayemtibu, amweleze mpango wenu ulivyo.

Kabla ya kukoroga chochote, amueni mikono itakuwa inafanya nini. Hapa wengi hupita mbio, na hapa ndipo kazi inapopata uhai au kuukosa. Mkono ulioambiwa "tulia, kunjua vidole" hutoka kama glavu. Mwache nyanya ashike kitu anachokishika kila siku, umtazame kwa siku kadhaa bila kumwambia unatazama nini: anavyokunja leso, anavyovuta tasbihi, anavyosuka ukili, anavyoshikilia nazi akiikuna kwenye mbuzi. Utaona kidole kimoja kinachofanya kazi kuliko vingine. Niliwahi kuchukua mkono wa hamali aliyebeba magunia tangu ujana wake. Nilimwomba aulegeze, na vidole vikabaki vimejikunja nusu. Kulegea kwake kulikuwa huko. Kama ningembana avinyooshe, ningepata mkono wa mtu mwingine. Chagua tendo ambalo nyanya anaweza kulisimamisha katikati na kutulia dakika nne au tano bila kuchoka, kiwiko kimeegemea mto, ndoo iko kwenye kimo chake, si yeye kuinamia ndoo. Mkitaka mikono miwili iliyoshikana, msaidizi amshike mabega. Kutetemeka kidogo kwa uzee si tatizo. Aljineti huanza kuganda pembeni mwa ngozi na humtuliza mtu yenyewe.

Pete isiyotoka iache. Hina na piko haziharibu kitu, na kama ana harusi ya mjukuu karibu asiogope kupaka. Mpake mafuta ya mgando membamba tu, hasa penye malaika, maana mafuta yakizidi hufukia ile mistari unayoitafuta. Na mpangie saa: mafuta hayo huzuia maji kufika kwenye ngozi, kwa hiyo atahitaji kuyaosha vizuri kwa sabuni kabla ya kutia udhu. Baada ya swala ya adhuhuri mnapata nafasi ndefu mpaka alasiri, bila yeye kukaa akiitazama saa ukutani.

Akiingiza mkono, autikise polepole ndani ili mapovu yapande juu, kisha atulie. Ongea naye, lakini usimchekeshe. Aljineti ikishashika, yaani ukibonyeza pembeni inarudi, mwambie achezeshe vidole kidogo kidogo. Hewa itaingia, na mkono utatoka wenyewe. Usivute wewe. Yeye ndiye anayehisi pale palipokamata.

Kuanzia hapo saa inakwenda mbio. Aljineti karibu yote ni maji, na maji yake yakianza kutoka, kalibu inasinyaa na mkono wa nyanya unakuwa mdogo na kupinda. Kwa hiyo plasta iwe tayari kukorogwa papo hapo. Ukilazimika kusubiri, funika kwa kitambaa kibichi na nailoni juu, lakini usiipitishe saa moja. Nyunyiza plasta ndani ya maji, usimwage maji juu ya plasta, na uendelee mpaka vibaki visiwa vikavu juu ya uso wa maji. Acha vinywe, kisha koroga taratibu kutoka chini. Mimina kidogo kwanza, izungushe kalibu ili plasta nyepesi ifike kwenye ncha za vidole, ndipo ujaze. Vidole bila ncha ndiyo hasara ninayoiona mara nyingi kwa wanaoanza, na chanzo chake ni mapovu yaliyonaswa chini.

Hapa kuna jambo la pwani tena. Plasta hunywa unyevu wa hewa. Mfuko uliofunguliwa na kuachwa dukani karibu na bahari huanza kufa ukiwa bado umesimama: unashika ovyo, una chembe ngumu, na kazi inabomoka kwenye kucha. Nunua iliyofungwa, ukifika nyumbani itie kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, na iliyobaki usiitegemee kwa kazi ya mwakani. Ikishashika na joto lake limekuja na kupoa, bandua aljineti kwa vidole na kijiti cha mti. Kisha kausha kivulini penye feni. Kwa unyevu wetu itachukua wiki, si siku. Usiianike kwenye bati la jua kali wala usiitie kwenye oveni. Plasta ikipata joto la kupita kiasi hupoteza tena maji yake na kuwa ungaunga kama chokaa. Na usiiweke nje ya nyumba kamwe. Mvua huiyeyusha polepole mpaka mistari yote ya mkono ifutike. Mabaki usiyamwage kwenye sinki, yatageuka jiwe ndani ya bomba.

Uso ni jambo jingine, na nakuomba usiharakishe hapa. Cennino Cennini, mchoraji wa Kiitalia aliyeandika maelezo ya ufundi wake karibu mwaka 1400, aliagiza mirija ya shaba au fedha itiwe puani ili mtu apumue chini ya plasta. Akaongeza kwamba kwa wafalme na mapapa plasta ikorogwe na maji ya mawaridi yenye uvuguvugu, na watu wengine wapate maji yoyote ya kisima au mto. Naipenda heshima hiyo ya marashi, ila ilitolewa kwa wachache mno. Mrashi wa nyanya uwe karibu, mnyunyizie mikononi akimaliza kunawa. Mirija lakini hatuitii tena. Ikisogea kidogo inajeruhi, na hulivuta tundu la pua likaharibika umbo. Siku hizi tunaacha matundu wazi, na msaidizi mmoja hana kazi nyingine ila kuyatazama hayo matundu na kidole gumba cha mwenye umbo, ambacho kikiinuka tu, kila kitu kinatoka usoni bila mjadala.

Hata kwa uangalifu huo, nimeona wanaume wa miraba minne wakijivua aljineti usoni kwa mikono yao kabla haijashika. Sikuwaona waoga. Macho yamefumbwa, masikio hayasikii vizuri, mdomo hauwezi kusema, kuna uzito unaozidi kukua usoni. Mwili unaamini umezibwa ingawa pua inapumua. Wengine, na hasa wanawake wazee, hulala kabisa na kuamka wakiwa wachangamfu. Huwezi kujua mapema nyanya yuko upande gani, na kwa mwenye pumu hofu peke yake inaweza kukaza kifua. Yeye mwenyewe ameshakwambia anaogopa. Hilo ni jibu tosha.

Ukitaka sana sehemu ya uso wake, chukua kipande: kuanzia ukingo wa leso kichwani, paji, macho yaliyofumbwa, mpaka mashavuni, ukiacha pua yote na mdomo wote. Leso aliyojifunga ifunike kwa nailoni nyembamba, asilazimike kuivua. Tandaza aljineti nzito isiyotiririka, bandika vipande vya pamba juu yake ingali mbichi, kisha bendeji za plasta za hospitali, zilizochovywa kwenye maji ya uvuguvugu, safu mbili au tatu tu, ziwe ganda la kuizuia isipinde. Bendeji kwa kuwa ni nyembamba na zinakaa juu ya aljineti hazitamchoma. Mkalishe ameegemea, asilale chali. Mtu mzima akilala, nyama ya mashavu hukimbilia masikioni na sura inabadilika; familia itakwambia "huyu si yeye" na haitaweza kueleza kwa nini.

Lakini mimi nikiwa wewe, uso ningeufinyanga kwa udongo, nyanya akiwa amekaa mbele yangu anakunywa chai na kuzungumza. Umesema unafinyanga. Uso uliochukuliwa kwa kalibu daima una macho yaliyofumbwa na midomo iliyobanwa, na aljineti yenyewe hubonyeza nyama kwa uzito wake. Unatoka sahihi kila mahali na bado unakaribia sura ya maiti. Atakayeufungua macho ni wewe kwa mikono yako, kwa hiyo ule ufundi wa kufinyanga hauuepuki hata ukiwa na kalibu. Weka mikono ya kalibu pamoja na uso wa udongo. Mikono itasema ukweli wa mistari na mishipa, uso utasema namna wewe unavyomwona.

Usiruhusu mtu akwambie kwamba mojawapo si sanaa. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1877 Auguste Rodin, mchonga sanamu wa Kifaransa, alionyesha Brussels, kisha Paris, sanamu ya kijana yenye kimo cha mtu. Ilifanana na mwili wa kweli kiasi kwamba alishukiwa ameichukua kwa kalibu kutoka kwa askari wa Kibelgiji, Auguste Neyt, aliyesimama mbele yake. Rodin alihangaika kujitetea hata kwa picha za askari huyo. Ilikuwa aibu kwake kudhaniwa hivyo. Karne moja baadaye, kuanzia mwaka 1979, wasanii John Ahearn na Rigoberto Torres walikuwa mtaani South Bronx, New York, wakiwachukua majirani zao umbo waziwazi, watu wakitazama, kisha wakizipaka nyuso rangi na kuzifungua macho. Nakala moja ilikwenda nyumbani kwa mwenye uso. Kati ya yote ninayoyajua katika ufundi huu, mfano huo ndio naona unakufaa wewe na Majengo yako.

Nasema hivyo kwa kuwa ufundi huu una historia nyingine, na sehemu yake imeandikwa kwenye miili ya Waafrika. Kuanzia mwaka 1907 hadi 1924, James Drury wa Makumbusho ya Afrika Kusini mjini Cape Town alichukua kwa plasta maumbo ya Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, wakiwa hai, kama vielelezo vya watu waliodhaniwa wanatoweka. Baadaye maumbo hayo yaliwekwa kwenye onyesho la makumbusho hayo, na onyesho lilifungwa mwaka 2001 tu. Mwaka 1931 Mjerumani Hans Lichtenecker alikusanya nyuso za watu nchini Namibia ya leo, na sauti zao akazirekodi kwenye silinda za nta. Sauti hizo zilipokuja kutafsiriwa miongo mingi baadaye, baadhi yao walikuwa wakilalamikia mateso ya kazi yenyewe. Plasta ile iliwatazama watu bila kuwasikia, huku maneno yao yakiwa yamehifadhiwa kando.

Ndiyo maana ile "amenikubalia" ya kwenye barua yako naitaka iwe na nyama zaidi. Kaa naye, umwonyeshe kila kifaa, umwache atie kidole kwenye aljineti ya kikombe. Mwambie mikono yake itawekwa wapi, nani ataiona, nakala zitakuwa ngapi, na ikiuzwa pesa zitakwendaje. Kalibu ya aljineti hutoa nakala moja na kuharibika. Ukitaka nyingine itabidi utengeneze kalibu ya pili ya silikoni juu ya ile plasta, na huo ni uamuzi mpya wa kumrudia yeye. Mwambie pia anaweza kusema basi siku ile ile, ndoo ikiwa tayari imekorogwa. Paketi ya aljineti iliyopotea ni gharama ndogo. Andikeni hayo kwenye karatasi, hata kama ni nyanya yako. Msaidizi wako awe mwanamke, na mlango wa ukumbi ufungwe, ili awe huru kukunja mikono ya nguo yake.

Jambo moja watu hawalitegemei: mwenye umbo mara nyingi huukana uso wake. Amejijua maisha yote kupitia kioo, ambacho hugeuza kulia kuwa kushoto, na kalibu haigeuzi. Watoto wake husema "ni yeye kabisa" naye anasema hapana. Ukichukua kile kipande cha uso, mwandae kwa hilo. Mikono haina shida hiyo; kila mtu huijua mikono yake.

Kuhusu majirani, usiwajibu kwa kiburi cha msanii. Wanachosema kina msingi: wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataza sanamu kamili za viumbe wenye roho, na hitilafu zao ni juu ya mipaka, kama sanamu isiyo kamili au isiyo na kichwa. Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na wewe pia si mtu wa kuitoa. Mpeleke nyanya kwa shehe anayemwamini yeye, na wewe uwepo, umweleze shehe kwa usahihi unachotaka kufanya: mikono miwili ya plasta, na uso wa udongo. Inawezekana akaona mikono haina neno na uso una neno. Nyanya akishika jibu hilo, nawe lishike. Mikono peke yake, ikiwa imeshika ukili, ni kazi kamili isiyohitaji kichwa juu yake. Wapo ninaowafahamu waliobaki kwenye mikono maisha yao yote ya usanii, na sioni walichokosa.

Lini, basi. Kama mna nafasi ya kuchagua, subirini upepo wa kusi, kati ya Juni na Agosti. Joto linashuka, mtu anavumilia kukaa, maji hayahitaji barafu nyingi, na upepo unasaidia kukausha. Epukeni Aprili na Mei, masika yakiwa yamejaza kila kitu unyevu, na Februari na Machi aljineti itakukimbia. Epukeni pia mwezi wa Ramadhani, asikae amefunga na kiu huku mkono uko kwenye ndoo. Lakini kama afya yake inayumba, msiingojee kusi. Fanyeni asubuhi mapema, saa moja au saa mbili, kabla paa halijapata moto, mkiwa na barafu ya kutosha, na iwe mikono tu.